Magunia Manane kwa Laki Mbili: Je, Nilitenda Dhambi?



Leo sina tafakari ya somo la Dominika. Nina swali, na limenikaa kooni kwa zaidi ya mwaka sasa. Siku moja kwenye kikao chetu cha VIWAWA niliombwa nitoe mada ya mikopo na riba, kwa sababu wenzangu wanajua nauza duka la pembejeo hapa Sumbawanga, basi wanadhani mambo ya hela nayajua. Nikatoa mada, wakapiga makofi. Ila kuna jambo sikuwaambia siku ile, na ndilo nitakaloliandika hapa.

Januari 2024 alikuja dukani mzee mmoja wa kijijini kwetu, upande wa Laela. Namwita baba mkubwa ingawa hatuna undugu wa damu. Alilima na marehemu baba miaka mingi, na ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli kunipeleka kipaimara siku baba alipokuwa mgonjwa. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini na yameanza kuwa ya njano. Anayeijua Ufipa anajua maana yake: ardhi imechoka, bila mbolea ya kukuzia utavuna magunzi. Namba ya ruzuku alikuwa nayo kwenye simu. Hela ndiyo hakuwa nayo. Na shule zilikuwa zimefunguliwa, wajukuu wanadai sare na madaftari.

"Mwanangu, nisaidie laki mbili. Mavuno yakija nitakupa asante."

Huku kwetu mtu hasemi riba, anasema asante. Nikamjibu, "Sawa, baba mkubwa. Mwezi wa saba utanipa magunia manane." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya." Hatukuandikiana. Akaondoka na mifuko miwili ya urea na hela iliyobaki ya sare.

Piga hesabu mwenyewe. Laki mbili kwa magunia manane ni shilingi 25,000 kwa gunia, likiwa bado liko shambani halijatoa hata mbelewele. Kule Kagera kahawa ikiuzwa ingali ua wanaita butura, na serikali imeipigia kelele miaka nenda rudi. Mimi sikuiita chochote. Nilijiona nimesaidia.

Na sababu nilikuwa nayo, tena ya kisomi: mfumuko wa bei. Nilianza kazi dukani mwaka 2021, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ilipopanda, China ilipoanza kubana mbolea yake isitoke nje, kisha Urusi ikaivamia Ukraine Februari 2022, mfuko wa kilo 50 ukavuka laki moja hapahapa kwenye kaunta yangu. Mama mmoja aliniuliza hao wanaopigana huko wamemkosea nini mahindi. Sikuwa na jibu. Msimu wa 2022/23 serikali ikaleta ruzuku, mfuko ukashuka hadi 70,000, tukapumua. Wakati huohuo Marekani mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni 2022, haujawahi kufika hapo kwa miaka 40, na benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri mwezi Machi mwaka huo hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Hela za dunia zikakimbilia huko kwenye faida nono. Huku kwetu dola ikawa ya kutafutwa kwa tochi, na anayeagiza mzigo nje akaongeza bei, na mimi nikabandika karatasi mpya ukutani.

Kwa hiyo ukiniuliza siku ile kwa nini magunia manane, ningekwambia shilingi inaisha nguvu, siwezi kukopesha laki mbili leo nikarudishiwa laki mbili nyepesi. Ni hoja ya kweli, tusidanganyane. Wazee waliokuwa wakitunza akiba zao chini ya godoro miaka ya 1980, wakati bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 30 kwa mwaka, wanajua hela inavyoweza kuyeyuka bila mwizi kuingia ndani. Na Januari hiyohiyo ya 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza utaratibu mpya wa kutangaza Riba ya Benki Kuu. Ikaanza na asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6, Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Hiyo ni kwa mwaka. Wao wanatangaza yao Dar es Salaam na Dodoma, na mimi nimeshatangaza yangu nyuma ya kaunta.

Mwezi wa saba nikaenda kijijini kuchukua mali yangu. Unajua baridi ya Ufipa mwezi wa saba, upepo unapita kwenye mfupa. Baba mkubwa alikuwa amevuna magunia 22. Alinihesabia manane, akayafunga mdomo yeye mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa bluu, akanisaidia kupakia. Na magunia yenyewe, niseme ukweli kwa kuwa nimeshaanza kusema, yalikuwa lumbesa. Sikumwomba ajaze hivyo. Sikumkataza pia. Mama mkubwa akanipa maharage kwenye kifuko. Nilipowasha pikipiki baba mkubwa akasema, "Mungu akubariki, uliniokoa." Nikajibu amina, nikatangulia na kumwachia mwenye mkokoteni mzigo aulete.

Ningeishia hapo na nisingejisumbua. Lakini Februari 2025 alikuja tena dukani. Safari hii hakutaka mbolea. Alitaka debe mbili za mahindi ya kula. Yale magunia mengine alikuwa ameuza mapema, kwa bei ya mavuno, kulipa madeni mengine na matibabu ya mama mkubwa. Mimi nilikuwa nayauza yangu kidogo kidogo pale mlangoni, debe shilingi 12,000. Nikamwambia kijana wa dukani apime. Akavuta gunia lililokuwa mbele, na baba mkubwa akauona ule uzi wa bluu.

Hakusema neno. Aliugusa tu, akaufungua fundo taratibu kama mtu anayejua lilivyofungwa, akautia uzi mfukoni. Nikasema, "Baba mkubwa, chukua tu." Akasema hapana, akahesabu noti zake, 24,000, akalipa.

Kwaresima ile nikaenda kitubio. Nilianza na dhambi nyepesi nyepesi kama tunavyofanya wote, halafu nikalitaja hili, nikiwa nimelifunga vizuri kwenye maelezo: kwamba tulipatana, kwamba hakulazimishwa, kwamba mfumuko wa bei. Padre hakuniuliza ni asilimia ngapi. Aliniuliza, "Mvua ingekata mwezi wa pili ungefanyaje?" Nikafikiri, nikamjibu kweli: ningedai manane yangu, na kama hana, mwaka unaofuata ningedai kumi. Akakaa kimya. Malipizi yake yalikuwa nisome kitabu cha Nehemia, sura ya 5, polepole.

Niliisoma usiku kitandani kwa tochi ya simu. Watu wanamlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Nehemia anakasirika, anawaita wakubwa, anawakemea mbele ya mkutano. Hapo nilikuwa pamoja naye. Kisha aya ya 10 ikanikata: anakiri kwamba hata yeye, na ndugu zake, na watumishi wake, wanawakopesha watu fedha na nafaka. Yaani mwenye hasira yumo. Ndipo anawataka warudishe mashamba pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Wafafanuzi wengi wanaielewa kuwa moja kwa mia kila mwezi. Nikaweka simu chini.

Nilichukua kalamu. Kwa bei ya mavuno, shilingi 45,000 kwa gunia, magunia manane ni 360,000, hapo nahesabu debe sita kwa gunia na lumbesa naisamehe. Nilitoa 200,000. Nyongeza ni 160,000 kwa miezi sita, zaidi kidogo ya asilimia 13 kila mwezi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa miezi sita ingekuwa 42,000. Na mfumuko wa bei, ule niliokuwa nauimba? Mwaka ule nchini ulikuwa kama asilimia 3 kwa mwaka. Kwa laki mbili, kwa miezi sita, ni shilingi 3,000.

Elfu tatu. Hiyo ndiyo hasara yangu yote niliyokuwa nayo mkononi kama hoja. Mbolea ilipanda zaidi ya wastani huo kipindi cha vita, sawa, lakini mbolea ile aliinunua yeye, sikuinunua mimi.

Sasa wapendwa, msifikiri Kanisa linasema kila riba ni dhambi tukamaliza. Ni kweli Kutoka 22 na Walawi 25 zinakataza kumgeuza maskini wa jamaa yako kuwa chanzo cha faida, na Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa sababu anayelichukua amechukua chakula cha mtu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba hela ni kama divai au ngano, ukishaitumia imekwisha, huwezi kumtoza mtu kitu chenyewe na tena matumizi yake. Papa Benedikto XIV aliliandikia waraka jambo hili mwaka 1745, Vix Pervenit, akashikilia kwamba kudai zaidi kwa sababu tu umekopesha ni kosa. Lakini akakubali pia kwamba zinaweza kuwepo sababu nyingine halali za kudai nyongeza, zilizo nje ya mkopo wenyewe. Kwa mfano hasara ya kweli uliyoipata. Karne tatu kabla yake Wafransisko kule Italia walikuwa wameanzisha mifuko ya kukopesha maskini kwa nyongeza ndogo ya kulipia gharama, wakapingwa sana, na Mtaguso wa Lateran mwaka 1515 ukawaunga mkono. Kwa maoni yangu SACCOS na vikoba vyetu vikiendeshwa vizuri ni wajukuu wa mifuko ile.

Kwa hiyo zile shilingi 3,000 zilikuwa halali yangu. Labda na zaidi kidogo. Mwenzangu mmoja wa VIWAWA, niliyemsimulia mkasa huu nikijifanya ni wa mtu mwingine, aliniletea mfano wa talanta: si yule bwana alimwambia mtumishi angeweka fedha kwa watoa riba? Nikamwambia mfano ule unahusu tajiri na mtumishi wake mvivu, hauhusu mzee ambaye mahindi yake yamekuwa ya njano. Akacheka. Halafu akasema jambo ambalo bado sijalimaliza: "Lakini wewe ungeweza kununua mahindi mwezi wa saba, ukayauza mwezi wa pili, ukapata faida bila kumkosea mtu. Hela uliyompa ilikunyima biashara." Ni kweli. Hiyo nayo wanateolojia waliijadili karne nyingi. Ila biashara ile ningeifanya kwa kubahatisha. Kuna miaka mahindi Rukwa yamekosa mnunuzi. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kutoka nje ya nchi, watu huku waliyaangalia tu yakiliwa na dumuzi. Mfanyabiashara anaweza kulia. Mimi kwa mpango wangu na baba mkubwa nisingelia kamwe. Mvua ikate ni yake. Bei ishuke, bado nina magunia manane kwa elfu 25. Viwavi jeshi, vyake. Gesi ipande Ulaya, yake pia.

Hapo ndipo nimeelewa swali la padre. Nilikuwa nikitafuta dhambi kwenye asilimia, nikijiuliza ingekuwa ngapi isiwe dhambi. Kumbe nilipaswa kuangalia tumegawanaje yale ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua Januari. Mimi nilichukua uhakika wote, nikamwachia wasiwasi wote, na aliyeachiwa ndiye mwenye tumbo la kushinda njaa. Hata zile riba kubwa za dunia ndivyo zilivyotembea. Waliopandisha Washington walikuwa na sababu nzuri ya kulinda watu wao na bei, siwalaumu, lakini uzito ulishuka ngazi kwa ngazi mpaka ukamkuta asiye na wa kumshushia. Mimi nilikuwa ngazi ya mwisho kabla yake, na nikaushusha vilevile.

Jambo jingine lililonishtua ni Katekisimu namba 2269. Nilitegemea mambo ya riba ya kinyonyaji niyakute chini ya amri ya saba, usiibe. Yako pia chini ya ya tano. Usiue. Inasema kwamba wale ambao ulanguzi na tamaa yao vinawasababishia wenzao njaa na kifo wanaua kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Nilisoma mara mbili. Mama mkubwa alikuwa mgonjwa mwaka ule.

Basi nikaamua kurudisha, kama Zakayo, ila bila ule ukarimu wake wa mara nne. Nilitoa 3,000 ya mfumuko, nikatoa 42,000 ya kile kikomo cha Benki Kuu, nikabaki na 115,000, nikaifanya 120,000 ili nijisikie vizuri. Mpaka kwenye toba nilikuwa na kikokotoo. Nikaenda kijijini Jumapili ya Matawi baada ya Misa.

"Hela hizi za nini?" akaniuliza.

"Nilikuzidishia, baba mkubwa. Yale magunia."

"Tulipatana."

"Ndiyo, lakini haikuwa haki."

Alizitazama zile noti muda mrefu bila kuzigusa. Nilidhani ameguswa. Kumbe ana hofu. "Nikizipokea hizi, mwanangu, mwakani nikikwama utanikopesha? Au utasema yule mzee ukimkopesha ataanza kudai chenji?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilikwenda kusafisha roho yangu, na yeye alikuwa anaona mlango unafungwa. Kwa sababu mlango wa pili anaujua: wale wa mikopo ya kausha damu, ambao siku ukichelewa wanakuja kubeba sufuria na godoro watoto wakiangalia. Yoshua bin Sira, sura ya 29, anasema kukopesha jirani ni huruma, kisha anakubali kwamba wengi wanakataa kukopesha si kwa ubaya, wanaogopa kudhulumiwa. Kuna na toba ya aina hiyo, mtu anaacha riba kwa kuacha kukopesha kabisa, anakomunika akiwa na amani, na jirani anakwenda kwa kausha damu. Karibu niwe mmoja wao, maana njiani nilikuwa nimeshajiapiza sitakopesha tena mtu.

Nikamwambia nitamkopesha. Bado hakuzigusa. Ni mama mkubwa aliyetoka jikoni akifuta mikono, akazikusanya, akasema zitanunua mbegu, akaniuliza kama nimekula.

Januari mwaka huu alikuja, laki mbili tena. Safari hii tumeandikiana kwenye daftari, yeye ana nakala. Akivuna zaidi ya magunia 15 atanirudishia laki mbili na gunia moja, la debe sita, bila lumbesa. Akivuna chini ya kumi, tunasubiri msimu unaofuata bila nyongeza. Hapo katikati atarudisha laki mbili tu. Gunia moja kwa bei ya mavuno ya mwaka ule linazidi kidogo kile kikomo cha asilimia 3.5, nimeshapiga hesabu, na padre sijamwambia bado. Bosi wangu anasema mimi si mfanyabiashara. Yawezekana.

Wiki iliyopita mvua ilikata siku tisa mfululizo, na mahindi ndiyo yanatoa mbelewele. Zamani jua la namna ile halikunihusu, nilikuwa naanika magunia matupu nje. Sasa nikawa kila baada ya mteja natoka mlangoni kuangalia mawingu ya upande wa Laela, mpaka kijana wa dukani akaniuliza namsubiri nani. Jumanne jioni nikashindwa, nikampigia.

"Baba mkubwa, huko imenyesha?"

"Imenyesha, mwanangu. Tangu saa nane." Akaisogeza simu mbali na sikio lake, nikaisikia inavyopiga bati.